Alionekana Wapi Mara ya Mwisho?

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi, kuhusu diski mpya za kompyuta zinazogoma kuwekewa Windows, mbele ya mafundi na vijana waliokusanyika Kaloleni, hapa Nairobi. Wengi walizuiwa na mvua, wakaniomba niyaandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe hazikuonekana vizuri.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mafundi wenzangu wa Luthuli na River Road, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha: hamjambo?

Hiyo "hatujambo" ni ya watu wenye njaa. Sitawaweka sana.

Nilipokuwa na miaka saba, mdogo wangu alipotea sokoni Gikomba. Mama alikuwa ameinama anachagua sweta za mitumba, kuinuka, mtoto hayupo. Mimi nikaanza kulia na kukimbia. Nikakimbia upande wa samaki, nikakimbia upande wa mbao, nikarudi bila mtoto na bila kiatu kimoja. Mama hakukimbia. Alisimama palepale akamuuliza muuza sweta: "Alionekana wapi mara ya mwisho?" Hapa hapa, kwenye rundo la nguo za watoto. Akaenda kwa jirani, muuza viatu: umemwona? Ndiyo, amepita sasa hivi. Akaenda kwa muuza ndizi: umemwona? Hapana mama, huku hajafika. Basi mtoto yuko kati ya viatu na ndizi. Na kweli tulimkuta hapo, amelala ndani ya gunia la soksi.

Mtauliza, huyu fundi anatuletea habari za Gikomba za nini, na tumeitwa tusikie habari za kompyuta? Nitawaambia. Kila wiki kuna mtu anayepanda ngazi za jengo letu hadi kwenye kibanda changu, laptopu kwapani, diski mpya ya SSD, zile zisizozunguka, mkononi, na sentensi moja mdomoni: "Hii diski imekufa." Nani ameipima? Hakuna. Imekufa vipi? "Nimejaribu kuweka Windows, imekataa." Watu hawa wameongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mtu anajiambia, kama lazima nianze upya, acha niweke na diski mpya kabisa. Ni wazo zuri. Ila amebadilisha vitu viwili kwa mpigo, na mashine ikigoma hajui ni kipi kilichogoma. Basi anaanza kukimbia: samaki, mbao, samaki, mbao. Anabadilisha diski, anabadilisha flashi, anapakua Windows nyingine, anabonyeza kila kitu kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Jioni inafika hana mtoto na hana kiatu.

Ndugu zangu, diski iliyokufa ikiwa mpya dukani ipo, siikatai. Mimi nimekutana nazo, chache sana. Lakini kabla hujasema imekufa, umeuliza ilionekana wapi mara ya mwisho?

Wa kwanza kuulizwa ni BIOS. Washa mashine, bonyeza kitufe chake: HP ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Ingia, tafuta mahali panapoorodheshwa diski. Jina lake lipo? Ukubwa wake upo? Kama halipo, usiguse Windows, usiguse flashi, Windows haina habari na jambo hili. Tatizo ni la mikono. Diski haijaingia hadi mwisho, kebo imelegea, au umenunua aina isiyoelewana na tundu lako.

Hapo pa mwisho panawaumiza wengi. Mzee mmoja wa Buruburu aliniletea diski ndogo ile nyembamba, umbo la M.2, milimita 22 kwa 80. Akaniambia, "Binti yangu, imeingia vizuri kabisa, hata skrubu imekubali." Kuingia iliingia. Lakini ndani ya umbo hilohilo moja kuna diski zinazozungumza lugha ya zamani, SATA, na diski zinazozungumza lugha mpya, NVMe, na tundu la laptopu yake lilijua NVMe peke yake. Kutoshea tundu si kuelewana nalo. Angalia meno ya dhahabu pale mwisho wa diski: yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe. Nasema kwa kawaida, maana zipo zinazokwenda kinyume. Soma lebo, kisha soma kitabu cha laptopu. Mzee alirudi dukani akabadilishiwa kwa amani, kwa sababu sasa alijua la kuomba.

Sasa nataka nikae kidogo kwa muuza viatu, maana hapa ndipo mafundi tunapoaibika.

Kuna msichana wa chuo kikuu alikuja kwangu akilia. Si kulia kwa mfano, ni machozi. Amenunua SSD kwa pesa zake za HELB, mkopo wa wanafunzi. Laptopu yake si kuukuu, ni ya Intel kizazi cha 11. Anachomeka flashi, kisakinishi cha Windows, yaani programu ya kuiweka, kinafunguka vizuri, anafika ukurasa wa kuchagua diski, na ukurasa ni mweupe. Hakuna hata diski moja. Alirudi dukani, wakambadilishia. Ukurasa mweupe. Akarudi tena, wakambadilishia tena huku wakimtazama kwa jicho baya. Ukurasa mweupe. Fundi wa kwanza akamwambia bodi imeungua, anunue laptopu nyingine.

Diski tatu, zote nzima. Bodi nzima. Flashi nzima. Nikamuuliza swali moja: ilionekana wapi mara ya mwisho? Hakuelewa. Nikamfungulia BIOS. Jina la diski hilo hapo, na ukubwa wake. BIOS imeiona, kisakinishi hakijaiona. Mtoto amepotea kati ya viatu na ndizi.

Kuna nini katikati? Nyinyi mnaokaa kwenye mitaa yenye geti mtanielewa haraka. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi hicho cha 11, watengenezaji huacha kitu kinachoitwa VMD kikiwa kimewashwa. VMD ni askari wa geti. Amesimama mbele ya diski yako ya NVMe, na kila anayetaka kuifikia lazima apitie kwake. Kisakinishi cha Windows kinajua lugha ya NVMe, hicho si kigeni kwake. Kisichojua ni lugha ya askari. Kinafika getini, hakielewani na mtu, kinageuka, kinarudi kukuambia hakuna nyumba huko ndani. Nyumba ipo! Hakuruhusiwa kuingia!

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kumpa kisakinishi mkalimani, yaani draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu hiyo. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi huishia njiani: ukiipakua inakuja kama faili moja ya exe. Ukiitupa hivyohivyo kwenye flashi, kisakinishi hakitaitambua. Ifungue kwanza kwenye kompyuta nyingine hadi uzione faili za inf, ndizo unazoziweka kwenye flashi. Kisha pale kwenye ukurasa mweupe kuna kitufe cha kupakia draiva. Ukimaliza, diski inajitokeza kana kwamba ilikuwa imejificha inakucheka. Dawa ya pili ni kuingia BIOS na kumwachisha kazi askari, yaani kuzima VMD. Kwenye diski mpya isiyo na kitu, hiyo ni sawa. Lakini usithubutu kwenye mashine ambayo Windows yake inafanya kazi, maana Windows hiyo imezoea kupitia getini. Ukiliondoa geti ghafla, utapata skrini ya bluu na mteja mwenye hasira.

Na tukiwa bado kwenye BIOS: mashine ya mtu ikiwa na Windows iliyo hai, muulize kuhusu ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, kabla hujagusa chochote. Tarakimu 48. Ukibadilisha mambo fulani humo ndani, mashine inaweza kuzidai hizo tarakimu, na mwenyewe hakuwahi hata kujua diski yake imefungwa. Mara nyingi huwa zimehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Muulize akiwa bado mbele yako, siyo akiwa ndani ya matatu ya kwenda Rongai.

Yule msichana? Alitoka kwangu kabla chai haijapoa. Alinipigia miezi baadaye kuniambia amemfanyia hivyohivyo mwenzake wa hosteli, akalipwa.

Haya. Tuseme BIOS imeiona, kisakinishi nacho kimeiona, lakini kinakataa kuweka. Kinakuandikia kwamba diski hii imepangwa kwa MBR na mashine hii inataka GPT. Mtu anasoma, anafunga laptopu, anakuja kuniambia: imekufa. Jamani! Maiti hajadiliani nawe kuhusu mpangilio wa patisheni! Hiyo ni diski inayoongea!

MBR ni mpango wa mwaka 1983, enzi za DOS. Unakubali patisheni kuu, yaani vyumba vya diski, nne tu na hauvuki terabaiti 2. GPT ndiyo mpango unaokwenda na UEFI, BIOS ya kisasa. Lakini diski mpya imepataje MBR? Mara nyingi ni wema wa dukani. Unamwambia muuzaji, nihakikishie ni nzima. Anaichomeka kwenye kompyuta yake ya miaka hiyo, kompyuta inamuuliza tuipange vipi, anabonyeza linalotangulia, anakuonyesha: unaona, inafanya kazi. Amekuhakikishia, na amekuachia MBR.

Wakati mwingine kosa ni lako. Ukifungua orodha ya kuchagua wapi mashine ianzie, flashi moja huweza kuonekana mara mbili: moja ina neno UEFI mbele ya jina, nyingine haina. Si flashi mbili. Ni milango miwili ya nyumba moja, ukipita mlango wa zamani utadaiwa mambo ya zamani. Chagua yenye UEFI.

Kurekebisha ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaonifanya niwaeleze dhambi yangu.

Kwenye kisakinishi unabonyeza Shift na F10, dirisha jeusi linafunguka. Unaandika diskpart. Unaandika list disk, inakuorodheshea diski, na kwenye safu ya mwisho kila yenye GPT ina kinyota. Unaandika select disk na namba yake. Kisha clean, yaani futa. Kisha convert gpt. Basi, umemaliza.

Hiyo clean haikuulizi mara mbili. Haikuulizi hata mara moja.

Mwaka wangu wa tatu wa ufundi, mama mmoja wa Umoja aliniletea kompyuta ya mezani. Yeye ndiye katibu wa chama chao. Miaka sita ya michango, mikopo na faini za kuchelewa, yote iko kwenye diski ya zamani ya kuzunguka. Alitaka SSD iwe ya Windows, diski ya zamani ibaki ya faili. Zote mbili za gigabaiti 500. Nikaandika list disk. Disk 0, 465. Disk 1, 465, ndivyo Windows inavyoionyesha 500. Nikajiambia, sifuri ndiyo ya kwanza, na ya kwanza ndiyo niliyoichomeka juu, ndiyo mpya. Select disk 0. Clean.

Mnajua ule ukimya unaokuja sekunde moja baadaye?

Namba ile haimaanishi chochote. Haimaanishi mpya, haimaanishi ya juu, inaweza hata kubadilika ukiwasha tena. Nilikuwa nimefuta chama cha watu wazima ishirini na wawili. Nilimwambia mama ukweli. Nilitaka sana kumdanganya, nisiwafiche, lakini nilimwambia. Akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Basi mimi siondoki hapa." Na hakuondoka hadi tulipofunga. Nilichukua usiku mbili na programu moja ya bure iitwayo TestDisk, na ramani ya patisheni ikarudi, kwa sababu clean ya kawaida hufuta ramani tu, haipiti diski nzima, na kwa sababu ile ilikuwa diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, kuna kitu kinaitwa TRIM: mfumo huiambia diski sehemu zipi hazihitajiki tena, na diski huzisafisha yenyewe kimyakimya. Hapo usiku mbili zisingetosha, wala mwaka.

Tangu siku hiyo nina sheria moja ukutani kwangu, nimeiandika kwa kalamu nyekundu: TOA DISKI YA ZAMANI. Usiwe na haja ya kukisia namba. Kama ndani ya mashine kuna diski moja tu, utafuta ipi kimakosa?

Na sheria hiyo inatibu ugonjwa mwingine ambao ni wa siri zaidi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huku Eastlands aliweka Windows 11 mwenyewe kwenye SSD mpya, na diski ya zamani akaiacha humo humo. Kila kitu sawa. Mashine inawaka upesi, anatusifia SSD kwa kila mtu. Mwezi mmoja baadaye akaichomoa ile ya zamani amuuzie mpwa wake. Jioni anawasha: hakuna kitu. Skrini nyeusi, inamwambia hakuna pa kuanzia. Akanipigia. "Fundi, SSD imekufa."

Imekufa? BIOS inaiona? Inaiona. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, Windows na faili zako zimo? Zimo zote. Ilionekana wapi mara ya mwisho? Kila mahali! Kinachokosekana si diski. Kisakinishi kilipofika kilikuta diski ya zamani tayari ina patisheni ndogo ya kuwashia mashine, kikaamua kuitumia hiyohiyo. Windows ikakaa kwenye nyumba mpya, funguo zikabaki kwa nyumba ya zamani. Mwezi mzima mwalimu alikuwa akipitia nyumba ya zamani kuchukua ufunguo kila asubuhi na hajui. Kisha akaiuza nyumba pamoja na ufunguo.

Tulimpunguzia patisheni kubwa kidogo, tukatengeneza mpya ndogo ya FAT32, megabaiti mia chache, kisha amri ya bcdboot ikamchongea ufunguo mpya. Ilitoka vizuri. Lakini kama angechomoa kebo moja siku ile ya kwanza, tusingefahamiana.

Mengine nayapitia mbio, naona mwenyekiti anaangalia saa. Umenunua terabaiti 1 na Windows inaonyesha 931: hujaibiwa, muuzaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Ila ukiuziwa terabaiti 16 mtaani kwa bei ya nauli ya Mombasa, hapo ndiyo, umeibiwa. Humo ndani kuna kikadi kidogo kimefundishwa kusema uongo. Usipime kwa kuangalia ukubwa ulioandikwa, pima kwa kuijaza. Mashine ikimaliza kunakili, ikajizima na kujiwasha, chomoa flashi. Kuna jamaa aliweka Windows mara nne usiku mmoja kwa sababu mashine yake imepangwa kuanza na flashi: kila ikijiwasha inarudi mwanzo, naye anajaza lugha na kibodi upya kwa uvumilivu wa ajabu. Na kama mashine yako haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, au kichakataji chake hakimo kwenye orodha ya Windows 11, usiilaumu diski kwa hilo, wala usiitupe mashine. Ubuntu ipo, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure, na kwenye SSD laptopu ya miaka kumi na mbili inafanya kazi za shule bila kulalamika. Kisakinishi chake kikikuambia uzime RST kwanza, sasa unajua anaongea habari za yule askari wa geti na ndugu zake.

Nimesema mengi, na mikono yenu haijafanya kitu. Pale mezani kuna laptopu ya mteja aliyenikubalia niilete hapa, na SSD mpya ambayo bado iko kwenye kasha lake. Sijaijaribu. Sijui kama itakubali au itagoma, na kama itagoma tutagoma nayo wote hapa mbele ya watu. Nani ana bisibisi ndogo ya nyota? Wewe binti mwenye sweta ya kijani, njoo. Usiwashe bado. Geuza, fungua chini, toa hiyo diski ya zamani, uniletee niitie mfukoni.